Friza ya Hermitas

Tulimzika Jumanne, mvua ikinyesha kwa upande,
kama inyeshavyo Galisia isipokuwa na haraka.
Jumatano tukafungua friza.

Mifuko thelathini na miwili, kila mmoja na kikaratasi chake,
na herufi zake kubwa, zimesimama mbalimbali
kama ng'ombe wasiopatana:
SUPU. KABICHI NA MFUPA. NOVEMBA.
TINI ZA MTI WA AMADOR. ALINIPA MWENYEWE.
SIKIO LA NGURUWE. SI LA MBWA.

Bibi hakujua kuandika mpaka alipotimu arobaini na mmoja.
Babu Delmiro alikuwa Uswisi, akichimba handaki
chini ya mlima ambao hakuwahi kuuona kilele.
Barua zake alizisoma padre, jikoni kwetu, kwa sauti ya misa.
Bibi, viganja vimejaa unga wa mahindi, alisikiliza
na kuhesabu: karatasi mbili, pande nne,
na padre kamaliza kabla maji hayajachemka.
"Mbona fupi?"
"Yaliyobaki ni salamu tu," padre akasema,
masikio yamemwiva.

Mwezi uleule aliuza ndama, akanunua daftari.
Otilia, mama yangu, ana miaka tisa, akawa mwalimu.
Walisomea zizini, maana joto la nyumba lilikuwa kule,
pumzi za ng'ombe zikifukiza kurasa,
na bibi akiivunja kalamu kwa kuishika kama mpini wa jembe.
Akaivunja ya pili.
Ya tatu akaifunga uzi, akaandika,
si jina lake, si jina la mumewe,
neno moja tu, likatiwa bahasha, likavuka mipaka miwili:
LINI

Jibu lilichukua wiki tano. Alilisoma peke yake
nyuma ya ghala la mahindi, lile la mawe lenye miguu,
akarudi na kuni. Kilichoandikwa hatukijui.
Babu alikuja miaka saba baadaye
na saa ya ukutani na kikohozi cha vumbi.
Saa ipo.

Nisimpake asali. Alikuwa na ulimi wa upupu.
Aligombana na Amador miaka kumi na minne
kwa ajili ya mfereji wenye upana wa mkono,
kisha akamwosha maiti yake, maana nani mwingine angemwosha?
Mjomba Eladio alipoleta mchumba wa mjini
alimpa ndoo kwanza, kiti baadaye.
Kwangu hakuwahi kuwa na maneno ya mapenzi.
Aliuliza kama soksi zangu zimekauka,
na kama sijajibu, alipiga magoti, akazishika.

Chini kabisa ya friza, mifuko ya mwaka wa mwisho.
Herufi zimeinama, zinashikana mabega:
MKATE. LABDA.
KITU CHA OTILIA.
Na mmoja, barafu imeuvaa kama manyoya:
SIKUMBUKI.

Usiku ule tulikula Novemba.
Ilikuwa na chumvi kupita kiasi, kama siku zote,
na hakuna aliyethubutu kuongeza maji.
Eladio alilamba kijiko, akatoka nje
kutazama gari ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Tini tuligawana. Sikio, mbwa alipata nusu;
tutajibu mbele ya haki.
Sasa nyumba imefungwa, bomba zimekaushwa,
kuku wamehamia kwa binti wa Amador.
Ila kila mwezi bili ya umeme hufika kwa mama,
naye hulipa bila kuisoma,
mwanamke wa miaka sitini aliyewahi kuwa mwalimu,
ili mfuko mmoja, ndani ya nyumba isiyo na mtu,
usiyeyuke.